Binadamu na tabianchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila ninapozungumza na watu kuhusu joto la dunia. Mengine huulizwa na wanafunzi, mengine na watu wazima wanaohofia kwamba wanadanganywa, na wote wana haki ya kujibiwa bila kukemewa. Ukitaka kushika jambo moja tu, shika hili: kaboni haipotei. Inahama tu, kutoka ardhini kwenda hewani, kutoka hewani kwenda majini au mitini, na kila inapohama huacha alama inayosomeka.

Hali ya hewa na tabianchi si kitu kimoja?

Hapana. Mvua iliyonyesha leo ni hali ya hewa. Tabianchi ni mwenendo wa mvua, joto, upepo na ukame wa mahali ukipimwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Ndiyo maana wiki moja ya baridi kali haikanushi kwamba dunia inapata joto, na siku moja ya jua la kuchoma haithibitishi.

Kwani tabianchi haikuwa ikibadilika kabla binadamu hajajenga kiwanda hata kimoja?

Ilikuwa ikibadilika, tena sana. Miaka kama 20,000 iliyopita barafu yenye unene wa kilomita kadhaa ilifunika karibu Kanada yote na kaskazini mwa Ulaya, na maji ya bahari yalikuwa chini kuliko leo kwa mita zipatazo 120. Mwanasayansi wa Serbia, Milutin Milankovitch, alitumia miaka mingi kupiga hesabu ya chanzo chake: njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika umbo, mhimili wake huinama na kuinuka kidogo, tena huyumba kama pia ya kuchezea inayokaribia kusimama. Mizunguko hiyo huchukua miaka kama 100,000, 41,000 na 23,000, nayo ndiyo iliyoleta na kuondoa enzi za barafu.

Lakini tazama kasi. Kutoka kilele cha enzi ile ya barafu hadi tabianchi tulivu iliyowakuta wakulima wa kwanza, dunia ilipanda nyuzi 5 hadi 7 za sentigredi, na ilichukua kama miaka 10,000. Sisi tumeongeza zaidi ya nyuzi 1 katika miaka 150 hivi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekuja baada ya 1970. Isitoshe, mizunguko ya Milankovitch ingeachiwa peke yake ingekuwa inatusogeza taratibu kwenye baridi. Joto la sasa limekwenda kinyume na njia hiyo.

Watu hawakuwa na vipimo zamani. Tunajuaje hewa ilivyokuwa miaka laki nane iliyopita?

Hili ni swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake unaweza kulishika mkononi. Theluji inapoanguka katika bara la Antaktika haiyeyuki. Ya mwaka huu hulalia ya mwaka jana, uzito unazidi, theluji ya chini inagandamana kuwa barafu ngumu, na hewa iliyokuwa katikati ya chembe zake inafungiwa ndani ya viputo vidogo. Viputo hivyo ni hewa yenyewe ya siku zile, wala si mfano wake.

Watafiti wa Ulaya walitoboa barafu hiyo mahali paitwapo Dome C hadi kina cha zaidi ya kilomita 3, wakatoa nguzo za barafu kipande kwa kipande. Katika maabara, kipande huwekwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kikasagwa, na gesi inayotoka humo hupimwa. Ukitumbukiza barafu ya namna hiyo kwenye glasi ya maji utaisikia ikialika: ni viputo vinapasuka na kuachia hewa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuivuta.

Vipimo vinasema hivi. Kwa miaka 800,000 hewaukaa, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kitu chenye kaboni kinapoungua, ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 katika kila sehemu milioni za hewa. Ilishuka nyakati za barafu, ikapanda nyakati za joto. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Leo imepita 420.

Binadamu alianza lini hasa kuigusa tabianchi?

Wapo wanaosema alianza siku ya kwanza alipofyeka msitu apande nafaka. Mwaka 2003 mtaalamu wa Marekani, William Ruddiman, alitoa hoja kwamba hewaukaa ilianza kupanda taratibu miaka 7,000 au 8,000 iliyopita kwa sababu ya ufyekaji, na methani, gesi nyingine inayozuia joto, ikafuata miaka 5,000 iliyopita kwa sababu ya majaruba ya mpunga na mifugo. Wenzake wengi hawajakubali. Wanaona bahari na mimea yenyewe inaweza kueleza sehemu kubwa ya mabadiliko hayo.

Kuna mjadala mwingine, huo unauma zaidi. Wazungu walipofika Amerika baada ya 1492 walikuja na ndui, surua na vita, na mamilioni kwa mamilioni ya wenyeji wakafa. Mashamba yao yalibaki bila mkulima, msitu ukarudi, na miti ilipokua ilinyonya kaboni. Barafu inaonyesha hewaukaa ilishuka kidogo karibu na mwaka 1610. Kama misitu ile ndiyo chanzo, na kwa kiasi gani, bado wanasayansi wanabishana. Mimi naona kwamba hata kuwaza tu kwamba vifo vya watu vinaweza kuandikwa ndani ya barafu ya mbali namna ile kunatosha kumnyamazisha mtu.

Hata hivyo tusichanganye mizani. Ongezeko la zama za wakulima, hata tukimpa binadamu lote, ni kama sehemu 20 kwa milioni katika maelfu ya miaka. Sasa hivi tunaongeza sehemu 20 kwa muda usiofika miaka 10.

Mapinduzi ya viwanda yalibadilisha nini kikubwa hivyo? Si watu walikuwa wakichoma kuni tangu zamani?

Walikuwa wakichoma, lakini kaboni ya kuni ni kaboni iliyomo kwenye mzunguko. Mti uliivuta kutoka hewani miaka 20 au 50 iliyopita, moto unairudisha, na mti mwingine ukipandwa utaivuta tena. Makaa ya mawe ni jambo jingine. Mengi yake ni misitu ya kinamasi iliyozama na kufukiwa miaka kama milioni 300 iliyopita. Kaboni ile ilikuwa imetoka kabisa kwenye mzunguko. Kuichimba na kuichoma ni kuongeza hewani kitu ambacho hewa ilishakisahau.

Waingereza ndio walioanza kwa wingi. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alitengeneza mashine ya mvuke ya kuvuta maji katika migodi, na mwaka 1769 James Watt akapata hataza ya mashine iliyotumia makaa machache zaidi kwa kazi ileile. Ungedhani mashine isiyo na ulafi ingepunguza uchomaji. Ilikuwa kinyume: ikawa nafuu, ikaingia kila kiwanda, kisha kwenye treni na meli, na makaa yakachomwa kuliko awali. Baadaye yakaja mafuta ya petroli na gesi.

Chukua lita moja tu ya petroli uione kwa karibu. Ina uzito wa gramu kama 740, na zaidi ya 600 kati ya hizo ni kaboni. Inapoungua, kila atomi ya kaboni hushikana na atomi mbili za oksijeni zilizotoka hewani, nazo zikijumlishwa ni nzito kuliko kaboni yenyewe. Kwa hiyo lita ile inatoka kwenye bomba la moshi ikiwa takriban kilo 2.3 za hewaukaa. Watu hushtuka kusikia kwamba kitu kilichoungua kimekuwa kizito mara tatu, lakini ndivyo ilivyo, na kwa kuwa hewaukaa haina rangi wala harufu, hakuna anayeuona mzigo huo ukiondoka.

Tena mzigo wenyewe si wa zamani kama wengi wanavyofikiri. Mwaka 1950 dunia ilitoa tani zipatazo bilioni 6 za hewaukaa kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Mwaka 2023 zilikuwa kama bilioni 37. Kati ya hewaukaa yote iliyotolewa na binadamu kuanzia 1850 hadi 2019, pamoja na ile ya kufyeka misitu, asilimia 42 ilitolewa baada ya 1990. Wengi wa wanaosoma hapa walishazaliwa.

Nani aligundua kwamba gesi hii inapasha dunia joto? Si ni nadharia ya juzi?

Ina umri mkubwa kuliko balbu ya umeme ya majumbani. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, alichukua mitungi miwili ya kioo, akaweka vipimajoto ndani, mmoja akaujaza hewa ya kawaida na mwingine hewaukaa, kisha akaianika juani. Wenye hewaukaa ulipata joto zaidi, na ulipotolewa juani ulichelewa sana kupoa. Akaandika kwamba dunia yenye gesi hiyo nyingi angani ingekuwa na joto kubwa. Makala yake ilisomwa na mwanamume mbele ya mkutano wa wanasayansi, na baada ya hapo jina lake likasahauliwa kwa zaidi ya karne nzima. Inanisikitisha kila ninapolitaja.

Miaka mitatu baadaye John Tyndall, bila dalili kwamba alimjua Foote, alipima huko London jinsi gesi mbalimbali zinavyozuia mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Akakuta naitrojeni na oksijeni zinaipitisha, ilhali mvuke wa maji na hewaukaa zinaimeza. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alipiga hesabu kwa mkono, kwa miezi mingi, akapata kwamba hewaukaa ikiongezeka maradufu joto litapanda nyuzi 5 au 6. Makadirio ya leo ni kama 3. Kwa mtu aliyekuwa na kalamu na karatasi tu, alikaribia kwa namna ya kushangaza.

Mwaka 1938 Guy Callendar, mhandisi wa mvuke wa Uingereza, alikusanya rekodi za vituo 147 vya hali ya hewa na kuonyesha kwamba dunia ilikuwa imeshaanza kupata joto. Mabingwa wa hali ya hewa hawakumwamini sana. Kilichokosekana ni kipimo cha hewaukaa yenyewe, na hicho alikileta Charles David Keeling mwaka 1958 alipoweka chombo chake juu ya mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, mbali na miji na moshi. Kipimo kilianzia karibu na sehemu 315 kwa milioni. Kila mwaka mstari wake hushuka miti ya kaskazini inapochipua, ukapanda inapopukutisha majani. Lakini kila mwaka huanzia juu kidogo ya pale ulipoanzia mwaka uliotangulia, na tangu siku hiyo haujawahi kurudi nyuma.

Hewaukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa. Kiasi hicho kina nguvu gani?

Asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, na kama Tyndall alivyoona, hizo haziushiki mionzi ya joto inayotoka ardhini. Kazi yote ya kulifunika joto hili imebaki kwa gesi chache: mvuke wa maji, hewaukaa, methani na nyinginezo. Zisingekuwepo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Kati ya hizo chache tumeongeza moja kwa nusu nzima ya ilivyokuwa. Na hewa ikipata joto hubeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi 1, na mvuke huo nao huzidisha joto. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilikuwa kimejaa tangu mwanzo.

Mnajuaje kwamba ni binadamu, si volkano, wala jua, wala bahari?

Kwa sababu kila mshukiwa ana alama zake, na zimechunguzwa moja moja.

Kaboni ya makaa na mafuta ina sahihi yake. Kitu chenye uhai hubeba kiasi kidogo cha kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, ambayo huoza na kwisha kabisa baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Makaa ya mamilioni ya miaka hayana hata chembe. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha, kwa kupima pete za miti, kwamba kaboni-14 ya hewani ilikuwa inachujuka, yaani kulikuwa na kaboni kongwe inayomiminwa humo. Oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo kwa kiasi kinachoendana na uchomaji. Hiyo haina hatari kwa pumzi zetu, lakini ingekuwa hewaukaa inatoka volkano, oksijeni isingeguswa. Na volkano zote za dunia hutoa chini ya asilimia 1 ya hewaukaa tunayotoa sisi kwa mwaka. Kwa muda mfupi hata hupoza: Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, chembechembe zake zilishusha joto la dunia kwa karibu nusu nyuzi.

Bahari je? Ingekuwa ndiyo inayotoa hewaukaa hii, ingekuwa imepungukiwa nayo. Badala yake imeongezewa, na maji yake yamesogea upande wa tindikali.

Jua limekuwa likipimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haijaongezeka. Lakini ushahidi unaonishawishi zaidi uko juu angani. Kama jua ndilo lingekuwa limezidi ukali, hewa ingepata joto kutoka juu hadi chini. Kinachoonekana ni kwamba tabaka la chini linapata joto huku la juu, stratosfia, likipoa. Ndivyo inavyotokea joto linapozuiwa chini kwa blanketi, na ndivyo ilivyotabiriwa kabla haijapimwa.

Mbona kati ya miaka ya 1940 na 1970 joto halikupanda ilhali viwanda vilikuwa vinazidi?

Kwa sababu moshi wa viwanda hubeba vitu viwili vinavyopingana. Kuna hewaukaa inayopasha, na kuna salfa, ambayo angani hugeuka chembechembe ndogo zinazorudisha mwanga wa jua juu. Baada ya vita vya pili vya dunia salfa ilizidi mno, ikaficha sehemu ya joto. Ila ilikuwa inaua. Desemba 1952 ukungu wa moshi uliifunika London kwa siku tano, na hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000. Nchi za viwanda zikatunga sheria za hewa safi, salfa ikapungua, na joto lililokuwa limefichwa likajitokeza. Tofauti ni hii: mvua huiosha salfa katika siku au wiki chache, hewaukaa inabaki kwa karne nyingi.

Kuna funzo chungu hapa. Chembechembe hizo za Ulaya na Amerika Kaskazini zilichangia kuvuruga mvua za ukanda wa Sahel, na ukame wa miaka ya 1970 na 1980 huko uliua watu na mifugo ambao hawakuwa na kiwanda hata kimoja.

Methani na gesi nyingine zina mchango gani?

Methani inatoka matumboni mwa wanyama wanaocheua, kwenye majaruba, majalala, migodi ya makaa na mabomba ya gesi yanayovuja. Imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu tangu kabla ya viwanda. Ni kali kuliko hewaukaa kwa uzito uleule, lakini haidumu: muongo mmoja hivi na nyingi imekwisha. Mbolea za viwandani, zilizowezekana baada ya Fritz Haber na Carl Bosch kugundua namna ya kuikamata naitrojeni ya hewani mwanzoni mwa karne ya 20, zinalisha mabilioni ya watu, na sehemu yake hugeuka oksidi ya naitrasi, gesi inayokaa angani zaidi ya karne moja.

Tundu la ozoni ndilo linaloleta joto?

Hapana, ni mambo mawili tofauti ingawa yamegusana. Tundu lilitangazwa mwaka 1985, lilisababishwa na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia dawa, na mwaka 1987 nchi zikatia saini Mkataba wa Montreal kuzizuia. Ozoni inapona polepole. Kwa kuwa gesi zile pia zilikuwa zinapasha dunia joto kwa ukali sana, mkataba ule umeokoa na tabianchi pia.

Nani ametoa hewaukaa nyingi kuliko wengine?

Inategemea unahesabuje. Kwa mwaka, China inaongoza. Kwa jumla ya kihistoria ya makaa, mafuta na gesi, Marekani peke yake imetoa karibu robo. Afrika yote, pamoja na watu wake wote, haijafika asilimia 4. Naona hesabu ya jumla ndiyo ya haki zaidi, kwa sababu hewaukaa iliyotolewa na treni za karne ya 19 bado sehemu yake iko juu yetu leo.

Mwaka 2020 watu walifungiwa ndani na ndege zikatua. Mbona hewaukaa haikupungua?

Utoaji ulipungua kwa asilimia 5 hivi, ila kilichopungua ni kasi ya kujaza. Pipa linalojazwa kwa mabomba ishirini haliteremki kwa kuwa bomba moja limefungwa. Bahari na mimea hunyonya karibu nusu ya kile tunachotoa, na iliyobaki inaongezeka angani.

Na tukiacha kabisa kutoa hewaukaa, joto litarudi lilivyokuwa?

Halitarudi upesi, lakini litaacha kupanda, na hilo watu wengi hawalijui. Bahari itaendelea kunyonya hewaukaa iliyopo, jambo linalopoza, na wakati huohuo itanyonya joto kidogo zaidi na zaidi, jambo linalopasha. Mambo hayo mawili yanakaribia kulingana, joto linabaki pale lilipofika kwa karne kadhaa. Methani ikipunguzwa, nafuu itaonekana ndani ya muongo mmoja au miwili. Usawa wa bahari, ambao ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, utaendelea kupanda, maana zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia majini na barafu kubwa huchelewa kujibu.

Wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria kwamba kila tani trilioni moja ya hewaukaa huongeza nyuzi kama 0.45. Kwa mwendo wa sasa, ukijumlisha misitu inayofyekwa, tunatoa tani zipatazo bilioni 40 kila mwaka. Tani trilioni moja ni miaka 25.